Manowari Pegasus: meli iliyokufa Unguja, na vita iliyopita kwetu Katanga

Wasomaji wetu, wazee na vijana, katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto, ngoma na kazi za mikono. Leo tunaandika juu ya meli ya vita ya Waingereza. Wengine watauliza: Likasi iko mbali sana na bahari, sasa habari ya meli inatuhusu nini?

Swali hilo tulijiuliza hata siye wenyewe. Jioni moja, katika mazungumzo yetu, kijana aliuliza kama ni kweli kwamba zamani mashua za vita zilipita huku kwetu juu ya treni. Watu wakacheka. Mashua juu ya treni? Lakini ni kweli. Zilipita mwaka 1915, katika ile vita ambayo wazee waliita vita ya kumi na nne, kwa sababu ilianza mwaka 1914. Na mtu akitaka kuielewa habari hiyo vizuri, haifai aanze na mashua. Inafaa aanze na meli moja kubwa zaidi, iliyozaliwa Bulaya na kufa Unguja. Meli hiyo ilipokufa, mizinga ya adui aliyeiua iliendelea na safari, na mmoja ulifika mpaka kwenye ziwa Tanganyika. Ndiyo njia tutakayoifuata.

Kuzaliwa kwa meli na kazi yake

Meli hiyo iliitwa Pegasus, jina la farasi mwenye mabawa katika hadithi za Wagiriki wa kale. Ilijengwa Jarrow, kaskazini ya Uingereza, katika kiwanda cha Palmers, ikashushwa majini mwezi wa tatu mwaka 1897. Ilikuwa moja ya meli 11 za namna moja. Uzito wake ulikuwa tani 2,135. Ilibeba mizinga 8 ya kipenyo cha milimita 102, mizinga mingine 8 midogo, na mirija 2 ya kurusha topido. Watu wake walikuwa zaidi ya 200.

Watu wa pwani huita meli za vita manowari, neno walilolitwaa kwa mabaharia Waingereza wenyewe. Lakini manowari si za namna moja. Ziko zile kubwa, zenye ngozi nene ya chuma, za kupigana na kubwa wenzake. Ziko na zile nyepesi, zinazoitwa kruza. Kazi ya kruza ni kukimbia upesi, kuchunga njia za meli za biashara, kupeleka habari, na kuonyesha bendera katika bandari za mbali ili watu wajue nani ni mwenye nguvu. Pegasus ilikuwa ya hizi nyepesi, tena ndogo kati ya nyepesi. Tuseme ilikuwa sawa polisi wa doria, si jeshi lenyewe.

Basi, kwa miaka mingi ilifanya kazi hiyo ya doria. Ilitumika katika bahari ya Mediterania, halafu Australia, halafu ikaja upande wa Afrika, chini ya kikosi cha Waingereza chenye makao yake kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Meli, sawa mtu, inazeeka. Mitambo ya mvuke inachoka, mabomba yanaziba, na upesi wa ujana unapungua. Mwaka 1914 Pegasus ilikuwa na miaka 17 tangu ishushwe majini. Wakati huo nchi za Bulaya zilikuwa zimeshajenga kruza mpya zenye mwendo mkali na mizinga ya kufika mbali. Ya zamani ilikuwa inangoja kustaafu. Lakini vita haikungoja.

Asubuhi ya Jumapili

Vita ilipoanza mwezi wa nane mwaka 1914, Wadachi walikuwa watawala wa ile nchi tunayoiita leo Tanzania bara, pamoja na Rwanda na Burundi. Katika bahari ya Hindi walikuwa na kruza moja, Königsberg, chini ya kapteni Max Looff. Ilikuwa mpya kuliko Pegasus, ilikimbia zaidi, na mizinga yake 10 ya milimita 105 ilirusha mbali zaidi. Kwa milimita tofauti ni ndogo: 102 na 105. Lakini mzinga haupimwi kwa unene tu, unapimwa pia kwa umbali unaofika.

Waingereza walikuwa na kruza tatu kwenye pwani hiyo, zote za zamani: Hyacinth, Astraea na Pegasus, chini ya amiri Herbert King-Hall. Tarehe 8 mwezi wa nane Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam ili kuvunja mnara wa simu ya upepo. Baadaye meli mbili kubwa zikaitwa kwenye kazi nyingine, Pegasus ikabaki peke yake kuchunga pwani. Ikatembea huku na huku mpaka mitambo ikadai matengenezo. Kamanda wake, John Ingles, akaiingiza katika bandari ya Unguja ili mafundi waifungue.

Tarehe 20 mwezi wa tisa mwaka 1914 ilikuwa Jumapili. Alfajiri, kabla ya watu wa mji kuamka vizuri, Königsberg ilitokea upande wa kusini wa bandari. Ilianza kupiga ikiwa umbali wa kilomita 8 hivi. Pegasus ilikuwa imetia nanga, mitambo haikuwa tayari, haikuweza kukimbia wala kugeuka. Watu wake walijibu kwa mizinga yao, lakini risasi zilianguka katika maji kabla ya kumfikia adui. Fikiri mwenyewe, msomaji: mtu anakupiga kwa fimbo ndefu, na wewe unarusha mkono hewani. Hakuna risasi hata moja iliyoipata Königsberg. Kwa muda mfupi Pegasus ilikuwa imetobolewa na kuwaka. Königsberg ikaondoka. Wakajaribu kuisogeza Pegasus penye maji mafupi ili isipotee, lakini siku hiyo hiyo ililala ubavu na kuzama.

Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na zaidi ya 50 walijeruhiwa. Wengi wa wafu walizikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja ambacho wenyeji wanakijua kama kisiwa cha makaburi. Makaburi yao yapo mpaka leo na majina yao yaliandikwa. Tunaomba msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwani tutalirudia.

Mizinga inayotembea

Meli ilikufa, lakini chuma chake hakikupumzika. Waingereza walizamisha watu wa kuopoa, wakatoa mizinga ya Pegasus majini. Mingine ikatiwa magurudumu na kupelekwa kupigana nchi kavu. Leo mzinga mmoja wa Pegasus unaonekana Mombasa, katika ngome ya Fort Jesus. Karibu nao upo mzinga wa Königsberg. Waliopigana wamewekwa uani pamoja, sawa wazee wawili waliogombana ujanani.

Mzinga wa Königsberg ulifikaje nchi kavu? Baada ya Unguja, mitambo ya Königsberg nayo iliharibika. Ikajificha katika vijito vya mdomo wa mto Rufiji, penye mikoko mingi. Vyuma vya mitambo yake vilifunguliwa, vikapelekwa kutengenezwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu, vikivutwa na mamia ya Waafrika porini, halafu vikarudishwa vilevile. Kruza ya Waingereza iliyoitwa Chatham iligundua maficho mwezi wa kumi mwaka 1914. Njia ya bahari ikafungwa. Tarehe 11 mwezi wa saba mwaka 1915, meli mbili za Waingereza zenye matumbo bapa, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuimaliza.

Hata hivyo, Wadachi waliokoa mizinga yote 10. Wakaitoa kwenye tope, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaigawa katika majeshi yao. Mmoja ukapandishwa treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, ukawekwa juu ya meli mpya ya Wadachi iliyoitwa Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 70 na zaidi. Njo pale habari ya Unguja inakuwa habari ya Kongo. Ndugu wa mizinga iliyoua Pegasus sasa alikuwa anaelekeza mdomo wake ziwani, mbele ya nchi yetu.

Mashua mbili juu ya treni ya Katanga

Ziwani vita ilikuwa imeshaanza zamani. Mwezi wa nane mwaka 1914 meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, iliharibu meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, karibu na mdomo wa mto Lukuga, kule Kalemie ya leo. Tangu hapo Wadachi walikuwa mabwana wa ziwa. Askari wa Kongo hawangeweza kuvuka bila kupigwa majini.

Mwindaji wa tembo mmoja, John Lee, alipeleka shauri London: tuchukue mashua ndogo zenye mwendo mkali, tuzipitishe nchi kavu, tuzishushe ziwani kwa siri. Shauri likakubaliwa. Mashua zilikuwa mbili, kila moja na urefu wa mita 12, zikaitwa Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa majina haya ni ya kuchezea, sawa kuita paka na mbwa. Msomaji wa Kiswahili atacheka zaidi akisikia manowari inayoitwa Mimi. Mkubwa wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson.

Mashua ziliondoka Uingereza mwezi wa sita mwaka 1915. Siku Königsberg ilipokufa Rufiji, zilikuwa zimeshafika Cape Town. Kwa hiyo tusiseme zililetwa kwa sababu ya ule mzinga. Njia mbili zilikuwa zinakuja ziwani kwa wakati mmoja, kila moja na mzigo wake: Wadachi walileta mzinga kutoka mashariki, Waingereza walileta mashua kutoka kusini. Na njia ya kusini ilipita hapa kwetu.

Treni ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 26 mwezi wa saba. Reli ilikuwa imefika mji huo mwaka 1910, na mwaka 1913 ikaingia huku kwetu kwenye shaba, mpaka Kambove. Wakati ule Likasi haikuwa mji tunaoujua. Jina la Jadotville lilikuja baadaye, na komini zetu hazikuwepo. Ilikuwa nchi ya mashimo ya shaba, vijiji na kambi za kazi. Treni ikapita na mashua zake mbili, ikaenda mpaka Fungurume, mwanzoni mwa mwezi wa nane. Pale reli ikakoma.

Mulima Mitumba

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, penye kipande kingine cha reli ya kwenda Bukama, ni zaidi ya kilomita 200 za pori, mabonde na mulima Mitumba. Mashua zikawekwa juu ya magari ya mbao. Mbele zilivutwa na mashini mbili za mvuke na makumi ya ng'ombe. Lakini mashini haikati miti. Ng'ombe hajengi daraja. Mamia ya watu wa Katanga ndio walitangulia na shoka na majembe, wakafungua barabara mahali pasipokuwa na barabara, wakajenga madaraja zaidi ya 100 kwa magogo. Mahali pa kupanda walivuta kamba. Mahali pa kushuka walishikilia kamba kwa nyuma ili mzigo usikimbie na kuua watu. Kileleni walikuwa zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari.

Ilikuwa kiangazi. Vijito vilikuwa vikavu na mashini za mvuke zinakunywa sana. Wakaitwa akina mama wa vijiji. Walitembea kwa miguu kutafuta maji mbali, wakarudi na mitungi kichwani, na maji yale yakamiminwa katika tumbo la mashini. Tunaomba wasomaji wasimame hapo kidogo. Katika vitabu vingi vya vita utasoma jina la kapteni, jina la meli, hata jina la mtumbuizaji wa bendi. Mama aliyebeba maji bila hayo mashini isingetembea, jina lake hulisomi.

Mwisho wa mwezi wa tisa wakafika Sankisia, halafu Bukama. Lualaba ilikuwa na maji machache, mashua zikafungiwa mapipa ili zielee juu zaidi, na wenyeji wakazisukuma kwenye mchanga. Halafu Kabalo, halafu treni tena, na mwisho wa mwezi wa kumi wakawa ziwani.

Yaliyotokea ziwani tuyaseme kwa ufupi. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1915, Mimi na Toutou zilikamata meli ndogo ya Wadachi, Kingani, ambayo ikapewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 1916 Mimi na Fifi zikazamisha Hedwig von Wissmann. Waholoholo wa ziwani walimshangaa sana Spicer-Simson, mtu aliyevaa sketi na kuchora mwili wake, wakamwita Bwana Kifunga-tumbo. Lakini Götzen ilipotokea na mzinga wake wa Königsberg, Bwana Kifunga-tumbo hakutoka kupigana. Alijua hesabu ileile ya Pegasus: fimbo fupi haishindani na fimbo ndefu.

Götzen haikuzamishwa na adui. Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma tarehe 26 mwezi wa saba mwaka 1916, walipoona jeshi la Kongo chini ya jenerali Tombeur linakaribia. Waliipaka mafuta mitamboni kwanza. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakaiita Liemba, na chini ya jina hilo imebeba abiria na dagaa wa Tanganyika kwa vizazi vingi. Wengi wetu tuna ndugu waliopanda Liemba bila kujua ilikuwa nani zamani. Na Pegasus? Mabaki yake yalilala katika bandari ya Unguja mpaka miaka ya 1950, yakauzwa kama chuma chakavu.

Majina yako wapi?

Tumeeleza maisha ya meli moja tangu kuzaliwa hadi kuuzwa vipande. Tumeweza kwa sababu Waingereza waliandika. Tunajua siku Pegasus ilipoguswa na maji mara ya kwanza, uzito wake, idadi ya mizinga yake, kaburi la watu wake. Hatuwalaumu kwa hilo. Wafu wale wa Chapwani walikuwa vijana wa watu, na ni vema wamekumbukwa.

Lakini huku kwetu? Katika vita ile, jeshi la Wabeleji katika Afrika ya mashariki lilitumia wapagazi zaidi ya 200,000, na makumi ya maelfu hawakurudi. Walikufa kwa njaa, kuhara, baridi ya milimani na uchovu. Wengi hawakujitolea. Mwaka 1915, mtu alipoitwa na kapita kwa amri ya serikali, kukataa kulikuwa na fimbo na kifungo. Wabemba wa upande wa Rhodesia waliwaita wapagazi wa vita tenga-tenga. Ni jina la kazi, si jina la mtu.

Njo maana habari hii inaingia katika kijitabu cha mila. Kwa desturi zetu, Wasanga, Waluba, Walamba, Wabemba, mtu anakufa kabisa pale jina lake linapoacha kuitwa. Ndiyo sababu mtoto anapewa jina la babu, ili babu aendelee kuitikia nyumbani. Kuwaacha waliovuta kamba za Mitumba bila majina ni kinyume cha mila yetu wenyewe, siyo kosa la Bazungu peke yao. Wao waliandika ya kwao. Ya kwetu nani alipaswa kuyashika?

Wazee walioona mashua zile wameshaondoka wote. Wajukuu wao na vitukuu wako. Pengine katika jamaa fulani ya Kambove, Fungurume au Bukama kuna jina la ajabu ambalo halieleweki, au kuna neno la bibi juu ya gari kubwa lililokunywa maji ya kijiji kizima. Tunawaomba wasomaji wetu: waulizeni wakubwa wa jamaa, na mkipata jina, liandikeni, na jina la kijiji, na jina la mama yake. Daftari ya mtoto wa shule inatosha. Halafu mtuletee, tulisome katika kikao.

Wazee walisema: tembo bawili bakipigana, majani njo yenye kuumia. Pegasus na Königsberg walipigana mbali sana na hapa, na majani ya Mitumba yakakanyagwa. Tembo wote wawili wana majina. Sasa ni zamu ya majani.